Mbao za Ghala Lisilobomolewa

Jumatatu, 3 Machi

Kaka ameleta mbao. Nzuri mno, na hapo ndipo penye shida. Nimezoea kuletewa mabaki ya makreti na mbao za majengo yaliyobomolewa: zimepasuka, zimejaa misumari iliyopinda, nashinda naing'oa kwa koleo. Hizi hazina msumari hata mmoja. Skrubu zimefunguliwa kwa bisibisi, taratibu, matundu hayajachubuka. Wabomoaji gani hao wenye subira hivyo?

Nimemwuliza zimetoka wapi. Eti kuna ghala limebomolewa nyuma ya kiwanda cha sabuni. Amejibu huku anaangalia simu. Kaka akisema kweli hukutazama usoni. Tumekua nyumba moja, namjua.

Machale yananicheza. Lakini mwenye hoteli anazitaka trei zake za mbao wiki hii. Nimepima, nimekata.

Jumatano, 5 Machi

Mama amepiga msasa leo. Tangu avunjike mguu akahamia kwangu, hiyo ndiyo kazi yake. Anakaa kwenye kiti cha mlangoni, trei mapajani, anasugua huku ananikosoa. Wateja wanasema trei, yeye anasema sinia, na ukimsahihisha anakuuliza nani alikufundisha kuongea.

Mguu umepona, daktari kasema. Sasa wimbo ni mmoja tu: lini anarudi nyumbani kwake. Ufunguo anao Kaka, ndiye anayeitunza nyumba. Kila akiulizwa: subiri kidogo Mama, kuna marekebisho. Marekebisho gani hayaishi?

Mama ameinusa ile mbao. Akauliza imetoka wapi. Nikasema ghalani. Akaendelea kusugua. Hakunikosoa tena hadi jioni, na hiyo si kawaida yake.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepeleka trei hotelini. Kurudi nikapita nyuma ya kiwanda cha sabuni, makusudi. Ghala lipo! Limesimama, paa jipya, mlinzi ananiuliza kama nimepotea.

Nikampigia Kaka. Hakushtuka hata kidogo. Eti si hilo, ni jingine, mimi ndiye sikumsikia vizuri. Haya, leo masikio yangu ndiyo yenye makosa.

Kaka mwizi? Nimelifikiria hilo njia nzima. Akikamatwa, mbao ziko kwangu, na msumeno uliozikata ni wangu.

Jumamosi, 8 Machi

Afadhali angekuwa mwizi.

Nilikuwa napiga randa ubao wa mwisho. Kizibo kikaruka kutoka kwenye tundu la zamani, kikaanguka mezani. Nikakiokota, nikakivunja kwa kucha. Gundi na majani ya chai.

Marehemu Baba hakununua dawa ya kuziba mbao maisha yake yote. Alikuwa akichukua majani ya chai yaliyobaki kwenye chujio, anayakausha dirishani, anachanganya na gundi. Rangi ilikuwa inalingana na mbao kabisa. Mafundi wenzake walimcheka: wewe samani zako zinakunywa chai. Sijawahi kuona fundi mwingine anayefanya hivyo. Ni yeye tu, na mimi niliyemwiga.

Nikageuza ubao. Ndani ya mfereji wa kiungo imebaki rangi ya kijani hafifu. Kabati la jikoni. Kabati la jikoni la Mama, alilolitengeneza Baba!

Kaka anaing'oa nyumba ya Mama kutoka ndani, na mimi naigeuza trei. Kwenye nyingine wageni wa hoteli wameshaanza kula chakula. Nimekaa chini kwenye maranda, nikalia. Trei moja ambayo bado ina kizibo kama hicho nimeificha nyuma ya debe la vanishi. Mama asiione.

Jumapili, 9 Machi

Nimekwenda. Nimemwambia Mama nakwenda kwa mteja.

Kwa nje nyumba haina neno. Mlango upo, pazia limefungwa, kufuli jipya. Jirani akanisalimia vizuri, akamsifu Kaka: kijana anajituma, kila mara anapakia vitu, bila shaka anamtengenezea mama yake. Nikaitikia.

Nikazunguka nyuma. Dirisha la jikoni lina ufa, nikachungulia. Kabati hakuna. Limebaki umbo lake ukutani, sehemu safi katikati ya moshi. Mlango wa chumbani kwa Mama hakuna. Hata fremu hakuna. Mtu anayekarabati haondoi fremu. Mtu anayeondoa fremu hataki mwenyewe arudi. Na kwa nini mbao aniletee mimi? Ili nami niwe nimo. Nikimsema, nimejisema.

Mama alinipokea mlangoni. Aliniuliza mteja hajambo. Nikasema hajambo. Akaangalia viatu vyangu. Vilikuwa na udongo mwekundu, na huku kwangu ni mchanga mtupu.

Jumanne, 11 Machi

Naandika nikiwa jikoni, haraka.

Kaka amekuja na mzigo, ameufunga kwenye shuka. Mama alikuwa kwenye kiti chake. Akamwita, mwanangu njoo hapa, acha mzigo wako ulivyo, usihangaike kuufungua. Halafu akatoa trei chini ya khanga. Ile ya nyuma ya debe! Dole gumba lake liko juu ya kizibo, wala hatazami. Akamwuliza, kwa upole kabisa, leo ni zamu ya chumba gani.

Kaka alinigeukia. Anadhani nimemchongea. Nilitikisa kichwa, na bado haniamini. Mimi naye hatuaminiani tena.

Mama akasema kesho tunampeleka nyumbani. Atalala hata kama hakuna mlango. Akanyoosha kiganja, kimejaa vumbi la msasa, anataka ufunguo. Kaka ametia mkono mfukoni. Bado hajautoa.

Kisha Mama akaniagiza chai, kama kuna mgeni. Imeshachemka. Vikombe vitatu nimevipanga. Trei zote zilizomo humu ndani zimetokana na nyumba ya Mama, na sijui niwapelekee kwenye ipi.