Mama Mkwe Juu ya Boneti

Jumatatu, tarehe 4 Novemba

Safari mbili Kigwena. Bidoni za mawese, madumu mazito, zote nyuma ya gari, kama kawaida. Mvua tangu alfajiri. Mke wangu Zaina yuko kwao mlimani. Uzazi wa kwanza mke huusubiri kwa mama yake. Nimeahidi: uchungu ukianza, napanda na gari, namteremsha hospitali ya Rumonge. Naogopa ule mlima.

Jumatano, tarehe 6

Nimeujaribu. Aibu tupu. Nilipakia bidoni nne za mchanga nyuma, eti gari litulie. Katikati ya mlima matairi yakazunguka bure, tope likaruka. Nikakanyaga mafuta, gari likaanza kurudi chini. Mama mkwe anatazama kutoka juu. Nikainamisha kichwa. Miaka miwili ya ndoa sijawahi kumtazama usoni, mkwe hatazamwi.

Fundi Radjabu alicheka mpaka akakaa chini. "Wewe! Gari yako inavutwa na matairi ya mbele. Mulima unatupa uzito nyuma, na wewe unaongeza nyuma! Mbele iko nyepesi, itashika udongo na nini?"

Mjinga mimi. Miaka yote hii nabeba mawese, sikujua.

Ijumaa, tarehe 8

Simu saa nne asubuhi. Uchungu umeanza. Nyuma nimeacha tupu. Mvua ilikuwa imenyesha tena.

Pale pale katikati ya mlima, kwenye kona, gari likakwama. Wanaume wa kubeba machela wote wameteremka sokoni. Zaina hawezi kutembea kwenye utelezi ule. Nimelia, naandika bila haya.

Mama mkwe akashuka na kapu la makapi ya mawese, yale ya kuwashia moto. Akayamwaga mbele ya matairi, akayakanyagia kwenye tope. Gari likasogea hatua mbili, likateleza. Akauliza kuna nini. Nikaijibu ardhi: mbele ni nyepesi, mama.

Akakaza kitenge. Akapanda juu ya boneti, mama mzima, akashika ukingo wake kwa mikono miwili, uso wake kwenye kioo.

"Twende, mukwe. Na unitazame, ama utaniangusha!"

Ya Rabi. Gia ya kwanza, mguu mwepesi. Nilimtazama mlima mzima. Ana macho ya Zaina, kumbe. Matairi yakauma makapi, gari likapanda polepole, bila kelele. Zaina alikuwa mlangoni, anashika kiuno na kucheka.

Tulifika hospitali mapema. Alhamdulillahi, alhamdulillahi.

Jumapili, tarehe 10

Mtoto wa kike. Mzima, mama yake mzima. Tumempa jina la bibi yake.

Mama mkwe alikuja asubuhi na uji. Nikainamisha kichwa, desturi ni desturi. Halafu nikakiinua, nikamshukuru: murakoze, mama. Akajifanya anafunika uji.

Boneti imebonyea. Radjabu anataka kuinyoosha. Nimemwambia aiache hivyo hivyo.