Neno Lilale Ndivani

Jumatano, 7 Agosti

"Hamu ya kusoma Maandiko ni karama. Aliyepewa amepewa, aliyenyimwa asisumbuliwe. Kazi ya Mkristo wa shamba ni kusikiliza." Hayo ameyasema leo Mwinjilisti Elieza mbele ya mlango wa kanisa, mkono mfukoni, akichezea ufunguo wa sanduku alimofungia Biblia za kanisa.

Uongo. Uongo uliovaa kanzu.

Hakuna mtu wa Mhezi aliyezaliwa akipenda jembe. Alipelekwa shambani akiwa mdogo, akalia, akachoka, akala alichovuna. Siku moja akajikuta hana raha mvua ikikaribia na shamba halijalimwa. Hamu ilikuja nyuma ya kazi. Haikutangulia. Kama ni karama, basi huokotwa kwa kuinama.

Elieza si mjinga. Tulisoma darasa moja wakati wa Mjerumani, tukabatizwa siku moja. Ndiyo maana ananiudhi. Mjinga ningemwacha apite.

Jioni nimekwenda kuziba ndiva, bwawa letu la kumwagilia, zamu ya maji ilikuwa yangu. Kiangazi hiki kijito chetu ni uzi tu. Ukikiacha kiende chenyewe, mfereji unakinywa kabla hakijafika shamba la kwanza. Kwa hiyo jioni tunaziba tundu la bwawa kwa gogo na udongo, maji yanalala, asubuhi tunazibua na yanakimbia kwa nguvu hadi shamba la mwisho. Mababu walifanya hivyo. Sisi tunafanya hivyo.

Nilikuwa na udongo hadi viwikoni nilipoona. Ndivyo tunavyolipoteza Neno! Jumapili tunapewa uzi wa maji, na njia ya kurudi nyumbani inaunywa wote. Hakuna anayeziba. Kisha tunashangaa mashamba ya mbali yamekauka.

Alhamisi, 8 Agosti

Nimeanza. Sikuomba ruhusa.

Kanuni ni moja: mwenye zamu ya maji ndiye mwenye zamu ya kusoma. Jioni tukishaziba, anasoma kipande kutoka Biblia yangu. Hakuna kufafanua. Kila mtu anakwenda nacho nyumbani, kinalala. Asubuhi kabla ya kuzibua, kila mmoja anasema kilichobaki kichwani na swali lililomsumbua. Ndipo tunabishana. Asiye na swali angoje maji yake kimya.

Mpare hakosi zamu ya maji. Afadhali akose harusi yake mwenyewe. Tuone sasa kama hamu haipandwi.

Jumamosi, 10 Agosti

Jana zamu ilikuwa ya Nakiete, yule mjane wa ng'ambo ya kijito. Alijifunza kusoma darasa la ubatizo, akaacha. "Mwalimu, macho yangu yameota kutu," alisema. Nikamwambia kutu huondolewa kwa kusugua. Alisoma kwa kidole, neno kwa neno, jasho likimtoka. Yakobo anamtumikia mjomba wake kwa ajili ya Raheli. Harusi inafanyika. Asubuhi anaamka, kumbe ni Lea.

Hapo nikasema imetosha.

"Imetosha nini? Raheli je?"

"Kalale."

Aliondoka akinung'unika hadi kilimani kwake. Leo asubuhi nimemkuta amefika kabla ya wote, amekaa ukutani mwa ndiva, kanga kichwani kwa baridi. Hata shikamoo sikuipata. "Umenikatia pabaya," alisema. "Nimepika uji ukaungua, namfikiria Raheli."

Nilicheka njia nzima ya kurudi. Karama, eti!

Jumapili, 11 Agosti

Nimehubiriwa mimi. Jina halikutajwa, lakini kila shingo iligeuka.

Hoja za Elieza ni mbili. Ya kwanza: ndiva ni mahali palipofanyiwa matambiko, si mahali pa kusomea Maandiko. Ya pili ina uzito zaidi. Mwaka jana Yohana, jirani yetu, alisoma habari hizohizo za Yakobo, kisha akaenda kumposa mdogo wa mke wake. Alirudishwa kwa fimbo na wakwe zake. Kanisa zima lilicheka leo Elieza alipolikumbusha, Yohana mwenyewe akiwa ameinamisha kichwa.

"Haya ndiyo matunda ya kujisomea," akasema Elieza.

Nilitaka kusimama. Miriamu, mke wangu, alinishika koti. Ningesema hivi: Yohana alifunga kitabu mapema mno. Angeendelea kusoma angekuta nyumba ile ya wake wawili ilivyojaa machozi na wivu, hadi ndugu wakamuuza ndugu yao. Asingeposa mtu. Dawa ya kusoma kidogo ni kusoma zaidi. Mtu akijikata kwa jembe, je, tunayafungia majembe yote sandukuni?

Jumanne, 13 Agosti

Baraza la wazee limeniita. Hukumu ilikuwa tayari, ilingoja masikio yangu tu. Niache masomo ya ndivani na nitubu mbele ya kanisa. Nikikataa, nafungiwa Meza ya Bwana. Na Jumapili ya tarehe 25, Mchungaji atakapopanda huku kubatiza, aliye chini ya adhabu hataingia kusimama na familia.

Wanajua wanachokifanya. Siku hiyo anabatizwa mjukuu wangu wa kwanza. Anapewa jina langu.

Nimeuliza: dhambi yangu ni ipi, kusoma au kusomesha? Mzee mmoja akajibu, "Ni ubishi, Mwalimu." Hilo sikuweza kulikanusha.

Nimekataa.

 Miriamu ameniwekea chakula akageuka. Baadaye amesema neno moja tu: "Mtoto hatakumbuka nani alimbeba. Wewe utakumbuka." Ni kweli, na imeniuma kuliko mahubiri yote ya Elieza.

Alhamisi, 15 Agosti

Same. Vumbi, joto, mbu. Nimekwenda kuchukua mafuta ya taa. Karani wa boma, kijana wa Usangi mwenye viatu vya kung'aa, amesikia habari zangu. Maneno ya milimani hushuka haraka kuliko maji.

"Shikamoo, Mwalimu. Nasikia unafungiwa kanisa kwa sababu ya kitabu?"

"Marahaba. Kwa sababu ya kukifungua."

"Si uombe radhi tu, mambo yaishe? Mimi mbele ya Bwana Shauri, Mzungu wetu wa boma, naomba radhi kila siku, hata kosa silijui."

Alicheka. Mimi sikucheka. Hivyo ndivyo tulivyo chini ya hawa Waingereza: tunaomba radhi kwanza, tunauliza baadaye. Kodi hatuiulizi, amri hatuiulizi. Sasa hata Neno la Mungu tusiliulize? Nimepanda mlima kwa hasira, na hasira ni punda mzuri. Sikusikia uzito wa mafuta.

Jumamosi, 17 Agosti

Hakuna aliyekuja kusoma. Wameziba ndiva wakaondoka haraka, macho chini, kana kwamba nina ndui. Nao wana watoto wa kubatizwa. Siwalaumu. Hapana, nawalaumu. Nawalaumu sana.

Nakiete peke yake alibaki. "Mimi watoto wangu walishabatizwa wote," alisema. "Soma."

Nikamwambia asome yeye.

Jumatatu, 19 Agosti

Ukuta wa ndiva umebomoka upande wa bondeni. Maji ya usiku mzima yameondoka na mahindi machanga ya watu. Baragumu limelia. Kesho msaragambo, kila nyumba itoe mtu na jembe.

Elieza atasema ni adhabu ya Mungu. Mimi nasema ni panya. Nimeyaona mashimo yao.

Jumanne, 20 Agosti

Nimechoka hadi kwenye mifupa, lakini hili liandikwe lingali moto.

Kwenye msaragambo hakuna mwinjilisti wala mpagani. Asiyekuja anatozwa mbuzi, aliyekuja haondoki ukuta haujasimama. Kwa hiyo Elieza alikuwepo, suruali imekunjwa magotini, anakanyaga udongo pamoja nasi. Anakanyaga vizuri. Baba yake alikuwa mjenzi wa ndiva.

Mchana tukakaa kula makande. Nakiete akauliza kwa sauti ya sokoni: "Mwinjilisti, ni kweli Mungu hapendi kusomewa karibu na maji?"

Watu wakacheka. Sikuweza kujizuia, nikasimama na sahani mkononi. Nikawaambia habari za Ezra, alivyowasomea watu torati mbele ya Lango la Maji, wanaume na wanawake, toka asubuhi hadi adhuhuri, wamesimama. Lango la Maji! Si sandukuni!

Elieza akaruka juu. "Unasoma nusu, Mwalimu, kama Yohana wako! Ezra alikuwa kuhani. Na Walawi walisimama kuwafafanulia watu. Haikuwa kila mwenye jembe na maana yake!"

"Imeandikwa wapi?"

"Lete hapa!"

Akaninyang'anya Biblia, mikono ina tope. Alama za vidole vyake ziko pale, nimezitazama sasa hivi. Akaanza kusoma. Nilikuwa nimesahau ile sauti. Darasani ndiye aliyekuwa akichaguliwa kusoma siku za sikukuu, mimi nikimwonea wivu. Majembe yalinyamaza. Akafika kwa Walawi, akalisoma neno hilo mara mbili akinitazama. Alikuwa na haki. Naliandika hapa kwa sababu sipendi ushindi wa wizi: Walawi wapo, na walifafanua. Akaendelea hadi watu walipolia kwa kuyasikia yale maneno, wakaambiwa wasilie, waende wakale vizuri na kuwapelekea sehemu wasio na kitu.

Akafunga kitabu. "Mmesikia."

Nakiete, mdomo umejaa makande: "Mbona unafunga? Kesho yake ilikuwaje?"

"Kesho yake ipi, mama?"

"Si walikwenda kula? Wakalala. Asubuhi yake je?"

Mzee wa ndiva, anayepanga zamu za maji, mtu asiyebatizwa na asiyetaka kubatizwa, akadakia: "Msomee huyo mama. Habari haiachwi katikati kama ukuta."

Wengine wakaitikia. "Kesho yake! Kesho yake!" Hata Yohana.

Elieza akafungua tena. Akasoma. Kesho yake wakuu wa nyumba za watu wote, pamoja na makuhani na haohao Walawi, walirudi kwa Ezra ili kuyachunguza maneno ya torati. Walikuwa wamelala nayo. Asubuhi wakarudi wenyewe, bila kuitwa. Wakakuta humo jambo walilokuwa wamelisahau, kukaa katika vibanda vya matawi siku za sikukuu, wakalifanya.

Sauti yake ilipungua pale kwenye wakuu wa nyumba. Alisikia mwenyewe alichokisoma: si makuhani peke yao. Nami nilikuwa na sentensi tayari, kali, ya kumkata kama mgomba. Niliimeza. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu watu walikuwa wamekwisha kuanza kuuliza: vile vibanda vya matawi walivijenga vya nini? Mvua haikuwanyeshea? Wanawake walilala humo? Na Elieza akajibu, moja baada ya jingine, akitafuta kurasa, macho yanang'aa, makande yake yamepoa kabisa. Alibishana na mzee wa ndiva kuhusu majani ya kuezekea. Alisahau kwamba anafanya dhambi yangu.

Ukuta ulisimama jua likielekea kuzama. Akanirudishia kitabu, akakifuta kwanza kwa shati lake.

"Adhabu iko palepale, Mwalimu."

"Najua."

Jumatano, 21 Agosti

Watu wengi ndivani jioni. Wengine zamu yao ya maji ni ya wiki ijayo. "Tumekuja kutazama ukuta," walisema. Waongo wazuri. Wamebaki hadi kipande kikaisha, na nilipokata walinigunia.

Usiku Miriamu ameniuliza kilichosomwa. Nimemwambia mpaka tulipoishia. Amesema, "Endelea." Nimekataa. Ametabasamu kwa mara ya kwanza tangu baraza.

Jumapili, 25 Agosti

Ukungu wa mlima wa Shengena ulishuka hadi paa la kanisa. Nimekaa juu ya jiwe chini ya dirisha, nje. Hakuna aliyenifukuza. Mwanangu alipita na mtoto amefunikwa shuka jeupe, akasimama kidogo mbele yangu, akalifunua ili nimwone. Kisha akaingia.

Nilisikia kila kitu. Mchungaji aliuliza jina. Wakalitaja. Jina langu limeitwa kanisani leo, na mimi niko nje. Maji yalipomgusa, mtoto alipiga kelele iliyotikisa bati. Mbishi. Nilifurahi.

Nililia pia. Si kitu.

Jioni nimekwenda ndivani nimechelewa. Nilikuta wamekwisha ziba. Walikuwa na Biblia yangu, Nakiete aliichukua mapema kwa Miriamu. Zamu ilikuwa ya Yohana. Alikuwa akisoma Yakobo, safari hii kutoka mwanzo, polepole, na Nakiete akimwambia, "Usisimame hapo, baba, hapo ndipo ulipopotea." Hakuna aliyeinuka kunipa nafasi. Hakuna aliyenigeukia anisubiri niseme. Nikakaa mwisho wa ukuta mpya, udongo bado una unyevu, nikasikiliza. Maji yalikuwa yakipanda taratibu nyuma ya gogo.

Elieza alipita njia ya juu akirudi kwake. Alisimama. Alisikiliza hadi Yohana akamaliza kipande. Kisha akaenda, ufunguo ukiwa mfukoni.

Basi nyinyi wazee wa baraza, nitawaambia hivi mtakaponiita tena, na naliandika leo nisije nikalainika. Adhabu yangu iacheni, nimeizoea. Meza ya Bwana nitaingoja nje hata miaka. Lakini sandukuni mna Biblia za watu, zimelala tangu masika bila asubuhi yake kufika. Fungueni sanduku. Mpeni kila mwenye zamu.