Sebule Ilikuwa Tayari, Bhoke Hakuja

Musoma, Jumapili, Novemba 1985. Mvua imepiga asubuhi nzima. Sasa jua la jioni limetoka, na matope ya mtaa wetu wa Mukendo yananata kwenye viatu.

Shajara yangu, sijakuandikia tangu Jumatano. Nilikuwa naandaa nyumba.

Nyumba ni neno kubwa. Ni chumba na kisebule, upande wa uani kwa Mama Masatu, mjane anayenipangisha. Lakini ndiyo mara ya kwanza maishani mwangu kuwa na mlango ninaoufunga kwa ufunguo wangu mwenyewe. Chuoni, mimi, Wakuru na Bhoke tulikuwaga tunaunganisha vitanda viwili tunalala watatu, na tulikuwaga tunasema atakayetangulia kupata kwake atawaita wenzake, walale mpaka jua liwachome. Nimetangulia mimi. Wakuru anafundisha Butiama, anakaa na familia ya kaka yake. Bhoke aliacha ualimu, akaolewa na mchimbaji wa dhahabu kule Buhemba. Niliwaandikia wote wawili waje Ijumaa.

Nilijitahidi. Kuta nilipaka chokaa mwenyewe. Mama alinitumia gunia la pamba kutoka Bunda, ameitoa mbegu kwa vidole vyake, fundi akanishonea godoro. Mapazia nilikata kwenye gauni la mitumba, maana siku hizi mitumba imerudi sokoni na mtu anaweza hata kuchagua rangi. Mama Masatu aliniazima viti viwili na birika.

"Mwalimu, unapokea wakwe?" aliniuliza.

Nikamwambia ni marafiki tu. Alinitazama nikisugua sakafu kwa mara ya tatu.

Sukari nusu kilo nilikuwa nimeificha tangu mwezi uliopita. Hata nilipougua malaria nilikunywa uji mtupu, nikisema hii ni ya wageni.

Kwa kweli mgeni niliyemwandalia ni mmoja.

Mwaka jana Bhoke alifiwa na mtoto wake wa kwanza kwa surua. Sikwenda kuzika. Nilimwandikia kwamba magari hayapo, dizeli hakuna. Mwaka ule hiyo ilikuwa kweli siku nyingi, ndiyo maana uongo wangu ulipata pa kukaa. Siku ile gari lilikuwepo. Lori la mtu tunayefahamiana lilisimama karibu yangu, dereva akaniambia panda, naenda Buhemba. Mimi nilikuwa kwenye foleni ya duka la ushirika. Mashuka yalikuwa yameletwa baada ya miezi mingi, na mbele yangu walibaki watu kama kumi. Nikamwambia atangulie.

Nilipata mashuka mawili.

Sijawahi kuliandika hili, hata kwako.

Ijumaa mchana Wakuru aliingia peke yake. Aligusa kuta, akajitupa kwenye godoro, akacheka kama zamani. Mimi nilikuwa bado nachungulia mlangoni. Ndipo akakaa, akanieleza. Bhoke alikuwa amefika Butiama Alhamisi, wakalala pamoja, asubuhi wakasimama wote barabarani. Gari lilipofika, Bhoke aliinua mguu kupanda, kisha akaurudisha chini.

"Amesema nini?"

"Amesema hana shaka kwako ni pazuri. Ila aliyefiwa hawezi kuanza yeye kwenda kumwamkia mtu ambaye hakuja kumpa pole."

Kwanza nilikasirika. Niliona kazi yangu yote ya wiki mbili imetupwa. Kisha nikaona aibu, maana alichosema kilikuwa sawa. Nilimwita aje afurahie kwangu kabla mimi sijakanyaga kwake kulia naye.

Jana asubuhi tuliondoka pamoja. Wakuru alishuka Butiama, akanishika mkono kidogo, akasema, "Usianze kujitetea." Mimi nikaendelea mpaka Buhemba, na ile sukari kwenye kapu.

Bhoke alikuwa anamenya mihogo uani. Amekonda. Alisema karibu, akanisogezea kigoda, akaendelea na kisu chake. Mumewe alikuwa shimoni. Niliweka kapu chini, nikamwomba anionyeshe mtoto alipolala.

Ni nyuma ya nyumba, kilima kidogo cha mawe kilichozungushiwa miiba mbuzi wasipande. Sikujua kwamba ni kifupi hivyo. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, yakatoka haya tu:

"Gari lilikuwepo, Bhoke. Nilibaki kwenye foleni ya mashuka."

Aliinama kung'oa majani yaliyoota kati ya mawe.

"Najua. Yule dereva alizika na sisi. Ndiye aliyeniambia amekuacha barabarani."

Mwaka mzima amekuwa akipokea barua zangu na kuzijibu, akijua.

"Mbona hukuniuliza?"

"Ningekuuliza ungeniongopea tena. Halafu ningekukosa kabisa."

Nililia. Yeye hakulia, aliendelea kung'oa majani, na mimi nikainama nikang'oa upande wangu. Tulipomaliza tulirudi tukapika. Hakusema amenisamehe. Aliniuliza habari za Mama, nikamwuliza habari za mgodi, na mara moja tu, nilipounguza vidole kwa sufuria, alicheka kile kicheko chake cha puani. Nilikuwa nimekisahau. Nilitamani niunguze tena.

Leo alinisindikiza barabarani kwenye manyunyu. Gari lilipokuwa linapunguza mwendo aliniuliza, bila kunitazama:

"Kwako mtu anafikaje?"

Nikamwelekeza. Ushuke stendi, upite nyuma ya soko, uulize kwa Mama Masatu, kila mtu anamjua. Alisikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa kama anayeweka akilini. Hakusema atakuja lini, na mimi sikuthubutu kuuliza.

Nimerudi saa tisa. Mama Masatu amekuja kuulizia viti vyake. Nimemwomba aniachie kimoja.

Ee moyo wangu, utaweza kumngoja bila kumdai?