Jina Nililolisoma Kua

Chole, Jumatano. Alasiri imekwisha sasa hivi. Jua la leo limenichoma mpaka kope, na mikono bado inanuka chokaa na ukoga. Naandika haraka, kabla sijasahau hata kimoja.

Lazima nikiri jambo. Nilipoolewa na kuambiwa tutakuja Mafia kuwaona watu wa mume wangu, nilijiona natoka mjini kwenda shamba. Mimi mtoto wa Unguja, binti wa mwalimu wa chuo cha Kurani, nani angenionyesha nyumba ya mawe ambayo sijaiona?

Siku tano zimenitosha kuona haya.

Hapa Chole, kisiwa kidogo cha Mafia, milango imechongwa maua kwa namna ambayo mtu husimama njiani na kusahau alikokuwa akienda. Wanawake wanasuka mikeka ya ukindu mweusi na mwekundu, na kila nakshi ina jina lake. Popo wakubwa wananing'inia mchana kweupe juu ya mti mmoja, mamia, wamejifunga mbawa kama watu waliojitanda kaniki. Hata Mdachi, mwenye boma lake hapo ufukweni, nimemwona amesimama anawatazama, kofia mkononi.

Lakini nataka kuandika habari ya Kua.

Bibi yake mume wangu, Bi Mwanaasha, ndiye aliyetaka twende. Ni mama mfupi mwenye sauti nene, na nyumba nzima inaendeshwa na sauti hiyo. Mamake alizaliwa Kua, mji wa kale ulioko kisiwa cha pili, Juani. Alikuwa mtoto mdogo Wasakalava walipokuja kutoka Bukini, kisiwa kikubwa cha kusini, wakauvunja mji na kuwachukua watu. Yeye alifichwa kwenye mikoko, akapona. Alichokumbuka kwao ni kitu kimoja tu: kaburi la mamake, karibu na msikiti, lenye sahani ya buluu iliyopachikwa ukutani.

Kila mwaka Bibi huenda kulifagia kaburi hilo na kulisomea Fatiha. Mwaka huu kipande cha mzizi kilichokuwa kimelifunika kimeanguka, na chini yake yameonekana maandishi.

"Wewe umesoma," aliniambia jana. "Utanisomea jina la bibi yangu. Nataka nilisikie kutoka kwenye jiwe lenyewe."

Leo asubuhi tulitoka na maji yanayojaa, watatu tu. Mume wangu alishika upondo. Mtumbwi ukapita katikati ya mikoko, maji ni meupe hata kivuli chetu nilikiona mchangani. Halafu tukapanda juu kidogo, na ukuta wa kwanza ukatokea.



Nilitarajia magofu mawili matatu. Ni mji! Kuna jumba la ghorofa lenye madirisha yanayotazama miti, vyumba ambavyo sakafu yake sasa ni majani, misikiti, visima, barabara. Nilipita mlango baada ya mlango nikijikuta nashusha sauti, kana kwamba wenyewe wamejipumzisha ndani. Kwenye ukuta mmoja niliona vishimo vidogo vya taa, vimepangwa sawasawa, na ndani ya kimoja masizi bado meusi. Nani aliizima taa ile mara ya mwisho?

Kaburi lenye sahani lilikuwa mbele kidogo. Bibi alikuwa ameshafika, anafagia. Nikachukua makumbi ya nazi na maji ya chumvi, nikasugua taratibu. Herufi zikaanza kutoka moja moja. Nzuri mno, zimekatwa kwenye chokaa na mtu aliyejua kazi yake.

Abubakari bin Musa.

Nilisoma mara tatu. Bin, si binti. Mwanamume.

Bibi alikuwa amekaa chini, ameshika ncha ya kanga, uso umeelekea kwangu kama wa mtoto anayesubiri kulishwa. Na mimi, niliyefundishwa herufi na baba yangu kwa miaka mingi ili nisome haki, nilisema: "Bibi, herufi zimeliwa. Hazisomeki."

Akasema, "Haya, mwanangu," akaendelea kufagia.

Nikaondoka, nikaingia msikitini peke yangu. Paa halipo. Kibla bado kimesimama, na jua lilikuwa limekijaza. Nikakisogelea nikaona alama za vidole kwenye chokaa. Fundi aliilainisha kwa mkono, akaacha dole gumba lake pale. Nikaweka langu juu yake. Lake lilikuwa kubwa kuliko langu. Mtu yule alijenga kwa uangalifu wote ule, bila ya kumjua atakayekuja. Na mimi, mtu aliyenijia na swali moja tu, nimemjibu uongo.

Nikarudi.

"Bibi, nisamehe. Maandishi yanasomeka. Si jina la bibi yako. Ni Abubakari bin Musa."

Ufagio ukasimama. Mume wangu alinitazama kwa jicho ambalo sitalisahau. Bibi hakulia wala hakunigombeza. Aliitazama ile sahani ya buluu.

"Basi huyu bwana," akasema mwishowe, "nimemwombea miaka yote nikimwita jina la mwanamke."

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, na mume wangu akacheka, na mimi nikalia. Kisha akaacha kucheka, akainua mikono, akamsomea Abubakari Fatiha kwa jina lake, polepole, kama mtu anayeomba radhi.

Tukatafuta. Nilisugua kila kaburi lililobakiwa na chokaa. Mawili yalikuwa na matundu ya mviringo ambamo sahani zilikuwamo zamani, lakini hayana neno hata moja. Bibi aliweka kiganja ndani ya kila tundu. Hakusema ni lipi. Maji yalipoanza kutoka, mume wangu akatuita, tukaondoka bila ya kumpata.

Mtumbwini, bila kuulizwa, Bibi akaanza kutaja. Mwanahawa binti Hamisi, ndiye bibi yake. Dada yake Mwanahawa, aliyekuwa akifinyanga vyungu. Mume wa dada, aliyechonga milango, na huenda ile ya jumbani ni yake. Majirani wao. Mamake alimfundisha majina haya yote akiwa anamsuka nywele, na hakuna aliyewahi kumwomba ayaseme. Sikuwa na karatasi. Niliyarudia moyoni njia nzima.

Sasa nimeyaandika, kumi na saba, nyuma ya daftari hili. Bibi ameketi hapa kizingitini. Nimemsomea yote. Nilipofika kwa Mwanahawa binti Hamisi alijifunika uso kwa kanga.

"Rudia," akasema.

Nikarudia.

"Rudia tena."

Mume wangu anataka tuondoke Jumapili. Nimemwambia sitaki, nataka mwezi mzima. Nadhani ananielewa. Anasema hajawahi kusikia kwamba babu zake walichonga milango.

Bibi anasema majina ya watu wa nyumba zilizokuwa upande wa kisima hajayataja bado. Kesho tutaanzia huko.