Barakoa Yenye Dole Langu

Mayige nkoi, rafiki yangu, upo? Natoka kinuni, kule kwenye mashine za kuchambua pamba.

Leo asubuhi meneja katugawia barakoa za vumbi la pamba. Miaka sita sijaona hata moja! Nikajiuliza, huruma hii imetoka wapi?

Kumbe mkaguzi wa usalama kazini anakuja. Tukasainishwa karatasi kwamba tumepokea. Mimi nikaweka dole gumba.

Mkaguzi naye hakuuliza mbona zote ni mpya. Alipoondoka tu, Violeth wa ofisini akapita na boksi: "Baba Minza, rudisha."

Rudisha! Nikamwambia, "Basi leta ile karatasi nifute dole langu."

Akacheka. "Karatasi inabaki, baba."

Inabaki!! Unakumbuka Benedikta wangu alivyokohoa mpaka tukamzika? Nilipokwenda kulalamika walinionyesha karatasi kama hiyohiyo, ina dole lake, eti alipewa vifaa. Mke wangu alikuwa anajifunga khanga puani kila siku humo kinuni, nkoi. Khanga!

Sikurudisha. Getini mlinzi akapiga kelele, "Mwizi huyo!" Watu wote wakageuka.

Mwizi, wa kitu nilichokiwekea dole?

Nimeivaa mpaka sasa. Wakiitaka, waje na karatasi yao.