Ini la Fulbert

Jumanne, 4 Februari
Majibu ya damu ya mume wangu Fulbert yametoka. Kolesteroli juu tena! Naye, mbele ya foleni nzima ya zahanati: ni huyu mke, ananilisha mafuta ya nguruwe. Watu wote wakakitazama kiuno changu kinene. Mwaka mzima namchemshia samaki bila tone la mafuta — shukrani ya punda mateke. Nusura nimzabe kibao.

Ijumaa, 7 Februari
Mjini Pointe-à-Pitre, kwa daktari wa ini. Binti mdogo, mpole. Akauliza: mzee, uliwahi kufanya kazi migombani? Fulbert akajigamba — enzi zetu ile poda ya kuua wadudu tuliimwaga kwa mikono mitupu! Daktari hakucheka. Kasema ini ndilo linalotengeneza kolesteroli, na ndilo linaloitoa kupitia nyongo. Ile poda ni sumu inayoleta kansa. Ikikaa kwenye ini inavuruga kazi zote mbili. Kwa hiyo si mapishi yangu? Si mapishi yako, mama.

Jamani! Nilicheka pale pale. Akatuonyesha uvimbe kwenye picha. Bado nacheka, Mungu anisamehe.

Mnakula nini? akauliza daktari. Nikajibu mimi: majimbi ya bustani yake. Poda aliiiba kazini akaja kuimwaga humo, majimbi yasibunguliwe. Daktari akashika kichwa. Msile tena kinachokua chini ya udongo ule, sumu haijatoka. Mtoto mdogo ndiye asiguse kabisa.

Na binti yetu Ghislaine anapelekewa kikapu kila wiki. Mjukuu kaachishwa ziwa kwa majimbi hayo.

Jumamosi, 8 Februari
Mpigie Ghislaine, nimemwambia. Hataki! Eti mwanangu ajue nimemlishia mtoto sumu, bora nife. Kufa basi, nani kakushika? Ningeweza kupiga mwenyewe. Sipigi. Kanisema mbele za watu miaka yote. Hili aliseme yeye, kwa kinywa chake, nimwone uso.

Jumapili, 9 Februari
Ghislaine kaja na mtoto. Naandika jikoni, mlango wazi. Fulbert kachimba majimbi asubuhi — kachimba! — kayaponda mwenyewe, kampakata mjukuu. Nimemtolea macho: sema. Kapuliza kijiko. Ghislaine anacheka: baba, chakula cha dukani anatema, majimbi yako tu ndiyo anameza.

Nisimame? Nikisema sasa, ataniuliza nimejua tangu lini.

Ananiita. Mama, yamebaki? Huyu kamaliza!

Fulbert kaitikia kabla yangu. Yapo, mwanangu, yapo.