Mwanya wa Rawiya

Mombasa, 25 Agosti 2024

Baba yangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Nakubusu mkono. U hali gani na kifua chako? Mimi sijambo, dukani kazi ni nyingi, alhamdulillahi.

Mjukuu wako Rawiya anarudi kwako leo na Shangazi Mwanamkisi. Usishtuke akikufungulia kinywa. Daktari wa meno amemgandishia chuma kwenye kaakaa, kimeshikwa na magego. Uliona mwenyewe taya lake lilivyokuwa likienda upande akitafuna, na meno ya juu yalivyozama ndani ya ya chini. Daktari asema kwa miaka yake minane mfupa ungali laini, wapanuka. Tukingoja awe mwari, ni kupasuliwa. Katikati mna skurubu, na Shangazi ameonyeshwa namna ya kuizungusha kwa ufunguo wake mdogo. Atalalamika kidogo, msimdekeze!

Na jitayarishe, Baba: si muda atatoka mwanya kama wa marehemu Mama. Maposa yatabisha hodi na bwana harusi mwenyewe hajaota meno!

Simu najua masikio yako yameikataa, basi niandikie.

Mwanao, Maram

*

Langoni, Amu, 14 Septemba 2024

Kwa mwanangu Maram,

Wa aleikum salaam warahmatullah. Mimi ni mzima, kifua chanisumbua asubuhi tu. Rawiya ala uji na samaki wa kuchambuliwa, na darasani kwangu hakosi.

Mwanangu, yeo nimetazama kinywa cha mtoto kwa mato yangu. Mwanya umetoka mpana, kalamu yapita. Mimi nilidhani mwatibu taya. Kumbe! Nimeisoma tena barua yako, na wewe mwenyewe waufurahia huo mwanya, na maposa juu yake. Nawasomesha watoto wa watu hapa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, amewalaani wanawake wanaotia mianya menoni kwa ajili ya uzuri, wakabadili alivyoumba Mungu. Nitawasomesha nini tena, na mjukuu wangu amekaa safu ya mbele?

Nijibu kwa kalamu: ni dawa au ni pambo? Skurubu nimeisimamisha. Mwanamkisi nimemkanya asizungumze nawe kwa simu, neno hili ni la mimi na wewe. Barua nampa Abubakr muuza tende, yuaja Mombasa kesho.

Babako, Idarus

*

Mombasa, 10 Oktoba 2024

Baba,

Assalaam aleikum. Natumai u mzima. Barua yako imenifika jana! Abubakr alishukia Malindi kwenye matanga ya mkwewe, akakaa huko nayo mfukoni.

Ni dawa, Baba, wallahi ni dawa! Kaakaa likipanuka, meno mawili ya mbele huachana. Daktari aliniambia hiyo ndiyo alama kwamba mfupa umekubali, na baadaye meno hurudiana yenyewe. Mimi nikakuandikia mzaha mahali pa maelezo. Tafadhali msikiguse chuma. Lazima kikae mpaka mfupa ujae katikati, la sivyo kaakaa litarudi lilikotoka. Nampigia Shangazi tangu alfajiri, hashiki. Hii naituma kwa basi la leo.

Mwanao, Maram

*

Langoni, Amu, 10 Oktoba 2024

Kwa mwanangu Maram,

Assalaam aleikum. Natumai hujambo. Nimengoja jibu mpaka subira imenishinda, na kimya chako nimekifahamu kuwa ni kukiri.

Yana Jumatano baada ya alasiri nilimpeleka Rawiya kwa Famau sonara, mwenye koleo nyembamba na mkono mwepesi. Chuma kimetoka. Kilikuwa kimeshika kuliko tulivyodhani. Gego moja la kulia limepasuka, damu ikamwagika nyingi, nami ndiye niliyemshika kichwa. Alilia hata sauti ikamkauka. Tumemsukutua kwa maji ya chumvi, atapoa inshallah. Mwanamkisi hasemi nami.

Sikuona raha, mwanangu. Lakini dhambi nimekuondolea, na yeye nimemwondolea.

Babako, Idarus

*

Mombasa, 2 Novemba 2024

Baba,

Salaam aleikum. Hali yako leo sikuulizi, utanisamehe.

Ulitoka msikitini ukakuta kitanda cha Rawiya kitupu, na Shangazi amekwambia ni mimi niliyemchukua. Sikukungoja kwa kuuogopa ulimi wangu.

Gego limeng'olewa. Lilikuwa la ukubwani, halioti jingine. Kaakaa limerudi kama lilivyokuwa. Daktari yuko tayari kuanza upya, ila Rawiya hafungui mdomo. Hamfungulii daktari, hanifungulii mimi, mswaki anaupiga kajifungia chooni. Fundi wa umeme alikuja na koleo mkononi, mtoto akajikojolea. Na mfupa haungoji, Baba. Kila ukicha wakaza, na taya litakua hivyo hivyo, upande.

Umemuumiza mwanangu. Nimetafuta neno la adabu zaidi, sikulipata.

Maram

*

Langoni, Amu, 17 Januari 2025

Kwa mwanangu Maram,

Amani iwe juu yako na juu ya mtoto. Sikukuandikia kwa kuwa kila nikishika kalamu najikuta najitetea.

Barua yako ya kusema ni dawa ilifika siku mbili baada ya mambo ya sonara. Hata hivyo nilimwendea Sharifu Kamaludin, mwanachuoni wetu, nikitaka aniambie nimefanya sawa. Akanisikiliza, akasema, "Idarus, 'kwa ajili ya uzuri', maneno hayo si wayasomesha wewe? Mtoto hujauliza augua nini, ushamhukumu?" Naona haya, mwanangu, hata kupita mbele ya duka la Famau.

Nataka kuya. Nimpigie magoti, nimwambie babu yake alikosa. Tikiti ya basi nimekata, ya Jumamosi ijayo. Nyumba hii haikaliki bila yeye.

Babako, Idarus

*

Mombasa, 22 Januari 2025

Baba yangu,

Assalaam aleikum. Nakubusu mkono. Kifua kiko vipi na vumbi hili la kaskazi? Hasira yangu imepungua, Mungu ajua.

Jumatatu Rawiya alimfungulia daktari mdomo. Daktari amemchukua polepole, siku nyingine huenda kukalia kiti tu na kurudi nyumbani. Nilifurahi hata nikalia. Tulipotoka nikamwambia, babu yako anakuja. Akafumba. Tangu siku hiyo ni maziwa kwa mrija, basi. Daktari hakunificha: tukimkosa sasa, huenda tusimpate tena ila kwa kisu.

Baba, usije. Si adhabu. Usije Jumamosi, usije Idd, mpaka akuulizie mwenyewe. Nimeandika haya huku machozi yanitoka, na radhi yako naitaka.

Mwanao, Maram

*

Langoni, Amu, 24 Januari 2025

Mwanangu Maram,

Wa aleikum salaam. Radhi unayo, duniani na akhera.

Siji. Tikiti nimempa Mwanamkisi, mtoto humpenda. Majuto yangu usimpelekee. Mtoto mdogo hivyo asibebeshwe mzee mzima. Akiuliza niko wapi, mwambie babu amesafiri nti ya mbali. Chuma kikishatiwa, niandikie neno moja tu, yatosha.

Na nikifa kabla hajaniulizia, msimlete mazikoni. Mwacheni afungue mdomo wake.

Babako